Kitandani Si Mahali pa Kuvumilia

Mwanangu, kaa hapo karibu na dirisha, kiti hicho hakiyumbi. Mtoto mpe dada yako atembee naye uani.

Jana ulipokuja nilikuona umekaa upande, umeegemea paja moja, ukasema ni mgongo. Nilinyamaza kwa kuwa mama mkwe wako alikuwapo. Nimezalisha wanawake wa mji huu wa Bukavu zaidi ya miaka thelathini, na namna mwanamke anavyokaa hunieleza mambo ambayo mdomo wake haujapata ruhusa ya kuyasema. Leo tuko wawili. Ukiona vigumu kusema, nitasema mimi, nawe utanisahihisha nikikosea.

Mtoto ana miezi mitano. Ulichanika ukashonwa. Mume wako alingoja wiki sita kama mlivyoagizwa, kisha akaja, na tangu usiku ule kila mara ni kama kidonda kilichopakwa pilipili. Unafunga macho unahesabu. Akimaliza anakuuliza kama uko salama, unasema ndiyo. Asubuhi mkojo unachoma, unakojoa umeinama nusu, mkono ukutani.

Ukiulizwa mbona hukusema, utajibu kama walivyonijibu wote, wa Ndendere, wa Nyalukemba, wa Panzi, wa nyumba za mbao zilizopandiana mlimani na wa nyumba za Muhumba zinazotazama ziwa: "Ninavumilia, mama."

Neno hilo limenichosha. Limenichosha kwa sababu najua lilikotoka, na siwezi kumlaumu aliyejifunza. Oktoba 1996 Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa pale Nyawera, nasi tumejificha chini ya vitanda. Juni 2004 askari waasi waliingia mitaani humu, na waliyowatendea wanawake na wasichana tukayabeba kimya. Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia, mabenki yakafungwa, tukaanza tena kulala na nguo za kutwa. Katika siku za namna hiyo anayejua kuvumilia ndiye anayebaki hai, na mimi nilivumilia, nikawafundisha na wengine. Kosa letu ni kwamba uvumilivu huo tuliingia nao chumbani, tukaulaza kati ya mume na mke. Vita huwezi kuiambia ingoje. Mume wako unaweza.

Sasa nisikilize nikueleze mwili wako unafanya nini, maana sidhani kama kuna aliyekueleza. Unaponyonyesha, homoni ya maziwa hupanda, na ile homoni ya kike inayoutunza uke, estrojeni, hushuka sana. Ngozi ya ndani huwa nyembamba, ute hupungua, hata mwanamke wa miaka ishirini na minne anakuwa mkavu kama mimi niliyekoma hedhi. Hujalogwa. Hujaacha kumpenda mume wako. Ni maziwa hayohayo yanayomnenepesha mtoto. Siku utakapopunguza kunyonyesha na hedhi ikarudi, ukavu huu kwa kawaida utaondoka wenyewe. Juu ya ukavu kuna kovu. Kovu la mshono huwa gumu miezi ya kwanza, halivutiki kama ngozi nyingine, na likisuguliwa bila ute linakwaruzika upya.

Kisha linakuja la tatu, ambalo ndilo baya kuliko yote, na ndilo uvumilivu unaloleta. Mtoto aliyeungua na makaa hahitaji kuambiwa asiyashike tena, mkono unarudi wenyewe. Mwili wako nao umejifunza. Mume akikugeukia tu, misuli ya mlango wa uke inajikaza kabla hujafikiri. Misuli iliyokaza inafanya njia iwe nyembamba, hofu inazuia ute usitoke, maumivu yanaongezeka, na kesho misuli inakaza mapema zaidi. Kila usiku unaovumilia unaufundisha mwili wako somo hilo. Nimeona wanawake ambao kovu lilipona zamani, ute ukarudi, lakini mwili ukakataa kufunguka miaka miwili, mitatu, kwa sababu ulifundishwa vizuri mno.

Kwa hiyo kitu cha kwanza hakiuzwi dukani. Ni muda. Mwanamke akipewa muda, damu hushuka kwenye nyonga, ute hutoka kwenye kuta za uke kama jasho, na uke wenyewe hurefuka na kupanuka kwa ndani. Hayo hayakutungwa na bibi zako. Watafiti Masters na Johnson kule Marekani waliyapima, wakayachapisha mwaka 1966, ingawa bibi zako waliyajua pia. Mwanaume anakuwa tayari upesi zaidi, na yule anayeingia mwili wa mkewe haujafika anaingia kwenye nyumba ambayo milango bado imefungwa.

Najua utakachosema. Chumba ni kimoja, mmekigawa kwa kikwembe, na upande wa pili wamelala wadogo wa mume wako. Ukuta ni wa mbao, jirani akikohoa mnamsikia. Mnafanya upesi kabla mtu hajaamka. Hilo si dogo. Nusu ya maumivu niliyoyaona katika mji huu yanatokana na nyumba. Lakini muda hauna lazima ya kuwa wa usiku wa manane, wala hauna lazima ya kuishia kwenye kuingiliana. Wadogo zake wanakwenda shule. Siku ya Jumapili wanakwenda kwaya. Mkono wake mgongoni mwako wakati unachambua mchele, maneno yake mchana, hayo pia ni muda, na mwili unayahesabu.

Kuna jambo ambalo sitalipita, kwa sababu nimeona matokeo yake mezani pangu. Sokoni kuna wanaouza majani, poda na jiwe la shabu la kukausha na kubana uke. Mazoea ya kutaka mwanamke mkavu yameandikwa na watafiti katika nchi hii tangu enzi za Zaire, miaka ambayo UKIMWI ulianza kutuua. Wasichana wanaambiwa kwamba majimaji ni dalili ya umalaya au ya uzembe. Mwanangu, ute ndio ngao. Ukiuondoa kwa shabu, ndimu, sabuni au dawa ya meno, unaichubua ngozi, na kila mchubuko ni mlango wa maambukizo. Uke unajisafisha wenyewe, uoshe kwa nje tu kwa maji. Na tazama jinsi mto mmoja unavyotenganisha akili za watu: vuka Ruzizi uingie Rwanda, utakuta watu wanaousifu ute wa mwanamke kama baraka ya nyumba. Wana namna yao, kunyaza, ambayo kazi yake kubwa hufanyika nje, taratibu, kabla ya kuingia na hata bila kuingia. Mbelgiji Olivier Jourdain alitengeneza filamu juu yake mwaka 2016, L'eau sacrée. Si yote ya kule nayasifu. Mwanamke asiyetoa maji mengi naye anaonewa. Lakini walau huko mwanaume anafundishwa kwamba maji ya mke ni kazi ya mume.

Sasa tuje kwenye vya kununua.

Nenda farmasi uombe jeli ya maji, ile inayotumiwa pamoja na kapote, yaani kondomu. Ukiona haya kusema mbele ya watu, andika kwenye kikaratasi umpe muuzaji. Nimewaandikia vikaratasi hivyo wanawake wengi, hata mke wa mchungaji. Jeli ya maji haiharibu kapote, inasafika kwa maji, na haiachi doa kwenye shuka. Weka kidogo mlangoni mwa uke na ndani kidogo, na mume ajipake pia. Ikikauka katikati, ongeza, au dondosha matone machache ya maji safi, italainika tena. Usisubiri mpaka iume ndipo uitafute. Iweke karibu na mkono, kwa sababu mtu aliyekwishaanza haamki kutafuta kabatini.

Usome maandishi ya pakiti. Nyingine zimejazwa glisarini, au vitu vya kuleta joto na harufu, na zenyewe zinachoma. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri juu ya jeli hizi: nguvu yake ya kuvuta maji, wanayoipima kwa namba, isizidi 1200, na vizuri zaidi ni chini ya 380, na ukali wake uwe karibu na 4.5, ambao ndio ukali wa kawaida wa uke. Pakiti nyingi haziandiki namba hizo, lakini ukielewa sababu yake utajua la kufanya. Ukimwagia chumvi sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, si unaona yanavyotoka maji? Jeli nzito yenye glisarini nyingi inafanya hivyohivyo kwenye ngozi ya uke, inavuta maji kutoka ndani. Unajisikia laini kwa dakika chache, kesho unaamka mkavu na unawashwa. Jeli ikikuchoma mara mbili, itupe, tafuta nyingine.

Mafuta sasa. Kama hamtumii kapote, na huna maambukizo, mafuta safi ya nazi ya kula yanaweza kusaidia. Lakini kama mnatumia kapote za kawaida za mpira, basi Vaseline, losheni, mawese, siagi, mafuta ya mtoto, vyote ni adui. Mafuta yanaulegeza mpira ndani ya dakika moja tu, nanyi hamtaona kitu kwa macho mpaka umepasuka. Nimezalisha watoto ambao mama zao waliapa mbele yangu kwamba walitumia kapote, na waliitumia kweli, ila mume alikuwa amepaka losheni. Kapote ya kike ya siku hizi imetengenezwa kwa nitrili, hiyo haiharibiwi na mafuta, tena inakuja imekwishapakwa kilainishi chake. Wengi hawaipendi kwa sura, lakini mwenye mlango wa uke unaochoma atashukuru jinsi inavyofunika.

Mate si jeli. Yanakauka upesi, na yanabeba vijidudu. Na ile jeli ya hospitalini ya kutazamia mtoto tumboni ni ya ngozi ya nje, msiiingize ndani hata mkipewa chupa nzima.

Kitu kingine unacho tayari. Kikunje kikwembe mara nne, kiwe kama mto mdogo, kiweke chini ya nyonga. Nyonga ikiinuka, njia inabadilika mwelekeo, uzito hauliangukii kovu. Kama maumivu ni ya mlangoni, upande wa chini uliposhonwa, hilo litakusaidia sana. Kama maumivu ni ya ndani kabisa, kama kitu kinagonga tumbo, hapo kikwembe hakitoshi. Inabidi kina kipungue. Lala ubavu, mgongo wako kifuani kwake, mapaja yako pamoja. Au kaa juu wewe, uongoze wewe, ushuke kiasi unachotaka na usimame unapotaka. Kule Marekani wanauza pete laini ambazo mwanaume anazivaa kwenye shina ili uume usiingie wote. Wewe una mkono. Ukiushika uume karibu na shina, mkono wako unafanya kazi ya pete hizo, naye hatapungukiwa na kitu.

Usiingie hofu kwa kusikia "kaa juu". Nimeshawasikia wanaosema mwanamke akikaa juu ni kumtawala mume. Nimezeeka, mwanangu. Nimeona nyumba zilizovunjika kwa sababu mwanamke alilala chini miaka kumi akiumia, sijaona iliyovunjika kwa sababu alikaa juu.

Na sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako halijui.

Baada ya mtoto wangu wa tatu nilikuwa kama wewe. Mchana nilikuwa kwenye benchi ya wazazi nawafundisha wengine namna ya kunyonyesha na kuosha kitovu; usiku nilikuwa natazama ukuta nahesabu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia nitapona. Mtoto akaacha ziwa, ute ukarudi, lakini mwili wangu ulikuwa umeshajifunza kukataa. Miaka saba. Mume wangu akaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Nikajua kwa hakika ana mwanamke mwingine huko Kadutu, nikaanza kumchukia kimoyomoyo na bado ninampokea usiku, kwa sababu nilidhani nikikataa nitampeleka kwake. Siku moja, kwa hasira, nikamwambia: nenda basi kwa huyo wako, mimi mwenzio ninaumia. Akauliza, unaumia nini? Nikamwambia. Alikaa kitandani, akashika kichwa. Mwanamke hakuwapo. Alikuwa anakaa kwa rafiki yake anacheza dama mpaka usiku, kwa sababu aliona ninavyogeukia ukuta, akafikiri ninamdharau, akawa anasubiri nilale ndipo aingie. Kisha akasema neno ambalo bado linaniuma, ingawa yeye ameshakuwa kaburini: "Miaka saba umeniacha nikuumize, hukuona kwamba mimi si mtu wa kufanya hivyo?"

Alilia, nami nikalia. Nilikuwa nimemfanya mkatili bila yeye kujua. Baadaye ndiye aliyekuwa ananunua jeli, akivuka kwenda Kamembe, Rwanda, kwa biashara zake, anaileta kwenye mfuko wa karatasi anaiweka juu ya kabati bila kusema kitu. Tulianza upya taratibu, kama vijana wasiojua. Mwili ulisahau, ila ulichukua muda mrefu kusahau kuliko ulivyochukua kujifunza.

Ndiyo maana ninakaa hapa na mgongo wangu mbovu nakueleza haya kwa mara ya elfu moja, wewe na waliokutangulia. Mume wako hajui. Unamwambia "ndiyo niko salama," yeye afanye nini?

Kuna maumivu ambayo jeli na kikwembe haviyagusi. Nikikutajia, usiseme nakutisha. Damu ikitoka baada ya tendo la ndoa, na si hedhi, usingoje mwezi. Inaweza kuwa mkwaruzo tu, lakini mlango wa uzazi lazima utazamwe, maana saratani yake inaweza kujionyesha hivyo, na kuna kipimo rahisi cha kupaka siki ambacho muuguzi aliyefundishwa anaweza kukifanya papo hapo. Uchafu wenye harufu, au mweupe kama maziwa yaliyoganda na unawasha, unahitaji dawa, na mume atazamwe vilevile ikibidi, la sivyo mtarushiana. Homa pamoja na maumivu ya tumbo la chini, nenda siku hiyohiyo. Mkojo au kinyesi kikitoka bila wewe kuweza kuzuia, hata kidogo, hata kama ni tone kwenye chupi, njoo unigongee mlango usiku wowote.

Hilo la mwisho unajua mahali pake. Hospitali ya Panzi iko hapa kwetu, komine hii hii ya Ibanda. Daktari Mukwege aliianzisha mwaka 1999, baada ya hospitali aliyokuwa akiifanyia kazi kule Lemera kushambuliwa mwaka 1996. Alitaka mahali pa wanawake kuzalia salama. Mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuja ameharibiwa na watu wenye silaha. Tangu hapo wamepita makumi ya maelfu. Dunia ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad, lakini sisi wazalishaji tulikuwa tukimjua kwa mambo madogo zaidi: fistula, tundu linalovujisha mkojo au kinyesi, iliyofungwa, mama aliyerudi kanisani na kuketi kati ya watu bila watu kusogea mbali naye.

Watu wanafikiri mtu akishafungwa fistula hadithi imekwisha. Haijaisha. Anaambiwa akae miezi kadhaa bila kukutana na mume, ili mshono usifunguke, na kuna waume wanaongoja na kuna wasioweza. Kovu likikauka, wakati mwingine uke unakuwa umefupika au umebana. Hapo ndipo vinapotumika vile vipanuzi, vipande laini vya plastiki au silikoni vyenye unene unaopanda kidogo kidogo, cha kwanza chembamba kama kidole cha mwisho. Anapaka jeli, analala chali, anapumua, anakiweka mwenyewe na kukiacha dakika chache. Siku mwili unapokubali bila kukaza, anakwenda kwenye kinachofuata. Hakuna anayemsukuma. Yule asiye na vipanuzi, kidole chake mwenyewe kilichooshwa, kucha zimekatwa, kinaweza kuwa cha kwanza. Hata wewe, kama misuli yako imeshajifunza kukataa, utaanza hivyo. Kaza misuli kama unayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, kisha iachie. Huko kuachia ndiko kwenye dawa yako.

Na wapo ambao uke wao umepona kabisa na bado wanaumia. Waliotendewa jeuri. Mkono wa mume anayewapenda, gizani, mwili unaudhani ni mkono mwingine. Panzi walielewa mapema kwamba kisu cha daktari peke yake hakitoshi, wakaweka pamoja na tiba msaada wa moyo, wa sheria na wa kumrudisha mtu kwenye maisha ya kujitegemea. Mwanamke wa namna hiyo usimwambie anunue jeli. Mwambie mume wake awashe taa. Aulize kabla ya kugusa, angoje jibu, na akiambiwa hapana akaribie chai badala ya mwili. Nimemwona mwanaume mmoja wa Nguba aliyefanya hivyo mwaka mzima. Hakusomea kitu. Alikuwa dereva.

Mama yako naye umwambie, kwa adabu. Ameshafika hamsini, na sisi wazee tunadhani ukavu ni Mungu ametuambia basi. Kuna krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni, kidogo sana, ambayo daktari anaandika baada ya kuuliza historia yako ya saratani. Inairudishia ngozi uhai ndani ya wiki chache. Asinunue mwenyewe bila kuulizwa.

Mume wako nitamwita Jumamosi, hapa hapa. Mama mkwe wake hawezi kumwambia haya, mama yake ndiye kabisa. Shangazi wa mke anaweza, ndiyo kazi yetu tangu zamani. Nitamwambia wiki sita ni hesabu ya daktari, mwili wako una hesabu yake. Kama ataniletea habari ya ng'ombe aliowatoa, nitamjibu kwamba ng'ombe walikuja kwa baba yako kwa heshima, na hakuna aliyewapokea kwa ajili ya maumivu yako. Kama ataniletea Paulo, kwamba mke hana amri juu ya mwili wake, nitamwomba asome mpaka mwisho, maana Paulo ameandika vilevile juu ya mwili wa mume. Lakini sidhani kama ataleta hayo. Nimemtazama anavyombeba mtoto. Atatazama chini, atauliza: kwa nini hakuniambia? Jibu hilo nitakuachia wewe.

Leo usifanye kitu. Mwambie una wiki mbili za kupumzika, ni agizo langu. Kila jioni kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, usitie chumvi wala dettol, maji tu. Jumatatu asubuhi tutakwenda wote wawili, uutazamishe mshono. Najua bidoni za maji hujazileta tangu juzi, bomba la kwenu limekauka. Chukua hizo mbili za njano pale mlangoni, mdogo wako atakusaidia kuzipandisha.

Na chukua kikwembe hiki. Ni cha zamani, kimefuliwa mpaka kikalainika. Umekikunja vibaya, leta. Mara nne, hivi. Sasa mwite dada yako alete mtoto, namsikia analia, maziwa yako yamekwishalowesha blauzi.